Makochi ya Marehemu

Wifi yangu alihamia nyumba yake akiwa na miaka hamsini na sita, na sebule yake ilikuwa tupu. Haikuwa tupu kama ya mtu aliye katikati ya kuhama, kasha hapa na godoro pale. Ilikuwa tupu kweli: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta, kuta nyeupe, dirisha moja la kutazama barabarani. Ukikohoa mlangoni, kikohozi kilikwenda hadi ukuta wa mbali kikarudi kukutazama. Kila asubuhi aliifagia na kuipiga deki kama chumba kinachokaliwa, kisha akaacha mlango wazi sakafu ikauke.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamke muuza mkaa, mtu wa maneno. Alikuwa akipita anasimama.

"Mama, unahama au unahamia?"

"Nimeshahamia."

"Mbona vyombo vimekataa kukufuata?"

"Viko njiani. Vinakuja kwa miguu."

Wakacheka wote wawili. Siku hizo wifi alikuwa bado ana majibu.

Nasimulia habari zake kwa sababu watu wa ukoo wetu wanazisimulia vibaya. Wanasema ana roho ndogo, kwamba alinuna na kujitenga na ndugu zake kwa ajili ya mbao na sponji. Hizo mbao na sponji nimezikalia mimi, kwa hiyo nadhani najua zaidi yao.

Alikuwa kitinda mimba, mdogo wa marehemu mume wangu. Watoto nyumbani kwao walikuwa watatu na ada ilitosha wawili, kwa hiyo yeye alitolewa shule darasa la saba ili kaka zake waendelee. Kaka mkubwa, shemeji yangu, akawa mkandarasi wa majengo. Mume wangu akawa ofisa elimu, mtu ambaye wazazi walisimama akiingia. Wifi akapata kazi ya uhudumu katika ofisi ya serikali. Nyumbani kwetu neno mhudumu halikutamkwa. Tulisema "yuko ofisi ya serikali," tukanyamaza hapo, na anayesikia akajijazia mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Saa moja kasorobo anafungua madirisha ya ghorofa ya pili. Anapangusa meza, anamwaga vikapu vya takataka, anachemsha maji. Saa nne chai, chumba kwa chumba, na anajua nani hatii sukari na nani hujifanya hatii. Baada ya hapo anakaa kwenye korido, nje ya mlango wa mkurugenzi, akisubiri kengele. Akisubiri, anafuma. Uzi kwenye mfuko wa gauni, sindano ya kufumia mkononi, na kitambaa kinakua mapajani mwake bila yeye kukitazama. Wakurugenzi sita walikuja wakaondoka, yeye akiwa palepale.

Vitambaa vyake vya makochi vilijulikana. Kila binti wa ukoo aliyeolewa aliondoka na seti yake: vya kuegemea, vya mikono, cha meza ya katikati na kidogo cha kuweka juu ya redio. Hakuwahi kusema nimechoka. Ukimpelekea uzi anakuuliza vipimo tu. Watoto walimwita Shangazi Vitambaa, na yeye hakuona ubaya.

Kumbe katikati ya hizo seti za watu alikuwa na yake. Ofisini kwa mkurugenzi kulikuwa na makochi ya mbao ngumu nyeusi, mikono mipana ya kutosha kuwekea kikombe na kisahani chake: kochi moja la watu watatu, moja la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Aliyapangusa kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja.

"Sikuwahi kuyakalia," aliniambia siku moja. "Isipokuwa mara moja, bosi akiwa safarini. Na hata hiyo mara moja nilikaa pembeni kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa atoke."

Siku hiyo ndiyo aliyoyapima. Hakuwa na futi, alipima kwa uzi, akapiga fundo kila mwisho wa mgongo, kila upana wa mkono. Kisha akafuma kwa kufuata yale mafundo, maua ya petali nane na ncha zenye meno madogo, miaka minne. Akavifua, akavitia wanga, akavipiga pasi na kuvilaza katika sanduku la bati. Makochi hana, nyumba hana, sebule hana. Vitambaa anavyo.

Kwa hiyo alipostaafu na kumaliza nyumba, hakwenda madukani kutazama makochi. Alimwita fundi seremala, akatandaza vitambaa sakafuni, kila kimoja mahali pake, akamwambia:

"Nitengenezee makochi yatoshe hivi."

Fundi alizunguka vile vitambaa kama mtu anayezunguka shimo. "Mama, mimi nimezoea kochi lizae kitambaa. Leo kitambaa ndicho kizae kochi?"

"Kwani wewe mkunga au seremala?"

"Na yakizidi kidogo?"

"Yakizidi utapunguza mbao. Uzi sipunguzi."

Nilipoisikia hiyo nilicheka, nikamwambia mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa tayari mgonjwa wa kitandani. Yeye hakucheka. Alisema, "Mwacheni. Ana haki ya kukaa." Alifariki mwezi wa pili baada ya hapo, makochi yakiwa bado fremu tupu karakanani.

Yalikamilika baada ya miezi minane. Nilikwenda kuyaona, na nakiri yalikuwa mazuri kuliko ya mkurugenzi. Fundi alikuwa amechukia kushindwa na vitambaa, akafanya kazi ya kumkomesha mtu. Kila kitambaa kililala mahali pake, hakikuzidi, hakikupungua. Ile sebule ikaacha kurudisha sauti. Wifi alinionyesha jinsi anavyokaa: asubuhi hapa, jua likigeuka pale, jioni lile kubwa, miguu juu.

"Sasa kikao cha mwezi ujao kitakuwa kwangu," alisema.

Ukoo wetu hukutana kila mwezi, Jumapili ya kwanza. Tangu nimeolewa, kikao kilikuwa kwa shemeji au kwangu. Kwa wifi hakijawahi kukaa, kwa sababu alikuwa akiishi chumba cha kupanga, na watu wazima hawawezi kukaa kitandani wakajadili mambo. Alikiomba kikao kile kwa miaka, kwa mzaha mzaha, na sasa hapakuwa na sababu ya kumnyima. Shemeji akakubali. Siku ikapangwa.

Alikaa na makochi yake siku kumi na tisa.

Siku ya kumi na tisa nililetewa habari kwamba wazazi wa kijana aliyempenda binti yangu wanakuja kujitambulisha, Ijumaa, siku mbili kabla ya kikao. Ilikuwa familia yenye jina, baba mwanasheria, mama mwenye maduka ya vitambaa. Nikaitazama sebule yangu. Ugonjwa wa mume wangu ulikuwa umeila nyumba kimyakimya. Kochi kubwa lilikuwa limekatika kamba chini, ukikaa unazama hadi magoti yanakutana na kidevu. Mengine mawili sponji lilikuwa limetoka kama ulimi. Nilikuwa nimeyafunika kwa mashuka, na mtu mwenye akili akiona mashuka juu ya makochi anajua kuna maiti chini.

Shemeji alikuja, akatazama, akasema, "Makochi yapo. Dada yetu anayo mapya, yamekaa bure."

"Ana kikao Jumapili."

"Jumamosi yatarudi. Mtu anaazima suti ya kuendea harusi, itakuwa makochi?"

Nilikwenda mwenyewe kuomba. Sikumtuma mtu, hilo angalau nililijua. Nilimkuta wifi amekaa kwenye kochi la dirishani, anafuma kitu kidogo. Nilipomaliza kueleza, sindano ilikuwa imesimama.

"Yote?"

"Yote, wifi. Tukichukua mawili wataona yamekatwa kwenye seti."

"Yarudi lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi asubuhi," alirudia. Kisha akasema, "Ni mtoto wetu. Chukueni. Lakini vitambaa nitakuja kuvitandika mwenyewe, nyie mtavipinda."

Akaja Ijumaa tangu alfajiri. Akavitandika. Halafu, kama ilivyokuwa desturi yake katika kila shughuli yetu, akaenda jikoni kuandaa chai, na hakuna aliyemwambia njoo ukae na wageni. Hata mimi sikumwambia.

Wageni walikaa vizuri. Baba wa kijana tulimpa kochi la mtu mmoja, karibu na dirisha. Mazungumzo yalianza kwa ugumu wake wa kawaida, hali ya hewa, barabara, afya, na katika kutafuta la kusema yule baba akapapasa mkono wa kochi, akasema, "Hii ni mbao ya kweli. Siku hizi hampati kazi kama hii. Ni ya siku nyingi?"

Swali lilikuwa dogo. Mtu angejibu "ni ya juzi juzi tu," likapita. Lakini shemeji yangu hajawahi kuliacha swali dogo libaki dogo.

"Haya ni makochi ya marehemu ndugu yangu," alisema. "Aliyaagiza mwenyewe. Alisimama juu ya kichwa cha fundi, ubao kwa ubao, akiwa na maradhi yake. Alisema, wakija watu wa kumwomba binti yangu, wakae hapa."

Yule baba aliinuka kidogo, kama mtu aliyegundua amekalia kitu kisichokaliwa ovyo, kisha akakaa tena, taratibu. Mama wa kijana alijifuta jicho. Binti yangu akainamisha kichwa. Na mlangoni alikuwa wifi, na sinia la vikombe kumi.

Aliingia, akaanza na mgeni mkubwa, akauliza sukari vijiko vingapi. Mama wa kijana akagusa kitambaa cha kuegemea, akasema, "Na hii kazi ya mkono, nani kaifanya?" Alinitazama mimi. Nami nikasema, "Ni mambo ya humuhumu nyumbani." Haikuwa uongo. Ninayo elimu ya kutosha kujua sentensi isiyo ya uongo inavyoweza kufanya kazi ya uongo.

Jikoni wifi alinisubiri.

"Kaka amesema nini pale?"

"Maneno ya mbele ya wageni tu."

"Kwa hiyo kesho yanakuja?"

"Yanakuja."

Hayakwenda. Shemeji alikataza mkokoteni usiletwe.

"Wale wamesema watarudi baada ya wiki mbili," alisema. "Mnataka wakute sebule imerudi kwenye mashuka? Tuwaambie nini? Marehemu amefufuka akaja kuyachukua?"

"Na kikao cha dada yako?"

"Kikao kinakaa penye viti. Kitakuwa hapa."

Hivyo ndivyo kikao cha wifi kilivyohamia kwangu. Alikuwa ameshapika. Akabeba masufuria kutoka kwake hadi kwangu kwa safari mbili, akiyashika kwa vitambaa vya mkono, na alipofika watu walikuwa wameshakaa kwa ukubwa wao. Aliletewa kiti cha meza ya kulia, kikawekwa karibu na mlango. Alikaa pale akitazama migongo ya ndugu zake ikiegemea petali zake.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini sisi hata matanga hayakutupata, kwa sababu hatukufikiria kurudisha. Kulikuwa na sababu kila mara, na kila sababu peke yake ilikuwa nzuri. Kwanza barua ya posa. Kisha mahari. Kisha harusi yenyewe. Baada ya harusi mkwe wangu, kijana mwenye adabu, akawa anakuja kila baada ya wiki mbili kunijulia hali, na kila akija hukaa kwenye lile kochi kubwa, si lile la dirishani. La dirishani aliliita "la baba," na hata mtoto wake alipozaliwa alimfundisha asipande pale. Ningemwambia nini? Uongo ule ulikuwa umeshapata mjukuu.

Mara moja wifi alilisema hadharani, katika kikao, mwaka wa pili. Agenda zilikuwa zimekwisha, shemeji anauliza kama kuna mengineyo.

"Ninalo," alisema wifi. "Nataka makochi yangu."

Walitazamana. Shemeji akatabasamu, lile tabasamu la mkubwa anayemshusha mdogo bila kumpiga.

"Mdogo wangu, wewe unaishi peke yako. Mtu mmoja ana makalio mangapi mpaka adai viti saba?"

Wakacheka. Shangazi mmoja wa mbali alicheka hadi akakohoa. Wifi akasubiri kicheko kiishe, akasema, "Nina makalio mawili, kaka. Na yote yamekaa sakafuni."

Wakacheka zaidi, wakidhani naye anatania. Mimi pia nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu mtu anayesimulia makosa ya wenzake akasahau lake hajasimulia kitu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea viti vinne vya plastiki, vya buluu. Nilijiambia ni hatua. Alinishukuru kwa adabu zote, akavipandanisha kimoja juu ya kingine, akaviweka pembeni ya ile sebule. Nilikwenda tena mara tatu mwaka ule, sikuona vimetenganishwa. Kila nilipofika tulikaa nyuma, uani. Halafu akaacha kuja kwenye vikao. Hakugombana na mtu. Alituma salamu kwamba miguu inamsumbua, nasi tukaitikia "pole yake," tukaendelea.

Mambo yangebaki hivyo kama si mama mkwe wa binti yangu. Alikuwa mtu wa vitambaa, vile vya kwenye makochi havikumtoka moyoni. Akambana binti yangu: nani alifuma? Binti naye, aliyelelewa na mimi na anajua kufumba mdomo, alishindwa kumfumbia mama wa mume wake. Akasema ni shangazi. Basi, nipeleke kwa shangazi. Wakaenda.

Mimi nilipewa habari na mama mkwe mwenyewe, amekaa kwangu, kwenye kochi, kikombe kiko juu ya mkono wa kochi.

"Wifi yako ni hazina," aliniambia. "Mbona mmemficha? Nimeagiza seti mbili. Nikamwambia nataka kama zile za kwa marehemu kaka yako. Nilidhani ataomba kuja kupima. Alinitajia vipimo vyote kwa kichwa, upana wa mkono hadi nusu inchi. Anayajua makochi ya kaka yake kuliko nyinyi mnaoyakalia."

"Anayajua," nilisema.

"Sebule yake tupu, viti vya plastiki tu vimepandanishwa pembeni, lakini safi. Nikamuuliza, mama, mbona hujaweka vitu? Akasema anasubiri fundi wa rangi. Nikamuuliza habari za marehemu na haya makochi. Unajua alinijibu nini? Alisema, kaka hakuwa msemaji, lakini alijua mtu anavyopaswa kukaa. Nililia njia nzima."

Nilimsindikiza hadi getini. Niliporudi ndani nilishindwa kukaa. Nilisimama katikati ya sebule yangu nikiyatazama makochi manne kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Alikuwa na nafasi yake. Mwanamke mwenye jina, mwenye mdomo unaofika mbali, alikuwa amekaa nyumbani kwake akimuuliza kwa kinywa chake. Neno moja tu, na sisi wote tungevuliwa nguo. Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wifi alikuwa ametuosha tena, na kutufunika.

Asubuhi iliyofuata niliita wanaume wawili wenye mkokoteni. Sikumwambia shemeji. Nilivua vitambaa nikavikunja mwenyewe, nikavifunga kwenye kanga safi, nikatembea nyuma ya mkokoteni mchana kweupe, mimi, na watu wananisalimia, "Shikamoo mwalimu, mnahamisha?" nikiitikia marahaba bila kueleza.

Tulipofika nilidhani nimepotea nyumba. Mlango wa sebule ulikuwa umepanuliwa, una fremu mpya ya chuma. Ndani kulikuwa na kioo kikubwa, picha za vichwa vya vijana zimebandikwa ukutani, na katikati kiti kimoja cha kuzunguka, cha ngozi nyeusi, na mtu amekaa ana taulo shingoni. Sakafu ile nyekundu ilikuwa imejaa nywele.

"Karibu, mama," alisema kinyozi. "Unamtafuta mwenye nyumba? Yuko uani. Pita tu hapo pembeni, hapa kwangu utatoka na manyoya."

"Umepanga lini?"

"Wiki hii tu. Alisema chumba kimekaa bure."

Wifi alikuwa uani, uzi mweupe mapajani. Aliona kanga niliyobeba, akaniona na mimi.

"Karibu, wifi. Umekuja na jeshi? Nasikia magurudumu."

"Nimekuletea makochi yako."

"Makochi gani?"

"Usinifanyie hivyo."

"Mimi sina makochi. Kuna ya marehemu. Nimemwambia mama wa watu kwa mdomo wangu. Wiki ijayo anakuja kuchukua vitambaa vyake. Unataka ayakute hapa kwa kinyozi, yanasubiri zamu?"

"Tutamwambia ukweli."

"Sisi ni nani na nani?"

"Mimi na wewe."

Aliweka uzi chini, akasimama, akajipangusa gauni. "Haya. Twende sasa hivi. Duka lake si mbali. Lakini utaanza wewe."

Nilisimama pale na kanga yangu. Nilitafuta sentensi ya kwanza. Nimefundisha utungaji miaka ishirini na mitano, nimewachapa watoto wa watu kwa kukosa sentensi ya kwanza. Sikuipata. Kila niliyoijaribu ilianza na shemeji, au na marehemu, na kila moja ilimwishia binti yangu katika nyumba ya wale watu.

Wifi aliokota uzi wake. Kisha akakaa tena.

"Nilijua," alisema, bila ukali. "Si kosa lako, hukuzoea. Mimi nimezoea. Basi yarudishe."

"Niyaache hata mawili. Hapa uani."

"Yanyeshewe? Yarudishe, wifi. Makochi mmechukua, jina lenu nimewatunzia. Na usingizi wenu pia niwatafutie mimi?"

Alichukua sindano yake. Nikangoja labda atasema lingine. Alikuwa anahesabu vishimo kwa midomo, na mtu akihesabu vishimo huwezi kumsemesha.

Kule mbele wale wanaume walikuwa wameshaanza kufungua kamba. Muuza mkaa amesimama karibu nao, mikono kiunoni, anasubiri kuambiwa.

"Mama, tushushe wapi?" aliuliza mmoja.

"Geuzeni," nilisema.

Walitazamana, wakafunga kamba upya kwa nguvu zaidi, ile kazi ya mtu anayefunga kwa hasira. Tulirudi kwa njia ileile. Nikayapanga, nikavitandika vitambaa, na kama alivyosema zamani, nilivipinda. Sikuweza kuvilaza kama yeye.

Jumapili ilikuwa kikao. Shemeji alifika wa kwanza, kama kawaida yake, akaenda moja kwa moja kwenye kochi la dirishani. Kabla ya kukaa akainama. Kamba ya mkokoteni ilikuwa imekwaruza mkono wa kochi, mstari mrefu mweupe.

"Hii imefanywa na nani?"

Nilikuwa naye peke yangu chumbani. Hapakuwa na mkwe, hapakuwa na mgeni, hapakuwa na wa kumficha kitu.

"Nilikuwa nimeyapeleka kupigwa vanishi," nilisema. "Wapagazi wakayagonga."

Akalamba kidole, akausugua ule mkwaruzo, ukafifia kidogo.

"Uwe unawasimamia," alisema. "Haya ni makochi ya marehemu."

Akakaa.